Chumba cha nyuma kuwa studio: anza na kimya, maikrofoni itafuata

Tangu nigeuze chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kikawa studio ndogo ya kurekodi, haipiti wiki bila kijana kunijia na swali lile lile: "Ami, ninunue maiki gani?" Wengine huja wamekwisha kopa. Wengine wameuza simu. Nami jibu langu halibadiliki: usinunue kitu bado, nipeleke kwanza nikakione chumba.

Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote mwenye chumba kisicho na kazi, iwe ni stoo au sabule ya wageni, na angependa kurekodi humo shairi, utenzi, kasida, udi, hadithi za bibi, somo la lugha au kipindi cha redio. Nitaeleza namna sauti inavyokwenda ndani ya nyumba zetu za pwani, na kwa nini shilingi za mwanzo ziende kwenye chumba kabla ya kwenda dukani kwa muuza vyombo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay, India, ili sauti yake itiwe kwenye santuri. Baadaye, hapa hapa Mombasa, maduka ya redio kama Mbwana Radio Service yakawa yanatoa kanda za waimbaji wetu, kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Leo safari hiyo ni hatua kumi kutoka jikoni hadi chumba cha nyuma. Vyombo vimekuwa rahisi, simu ya mfukoni inarekodi, na kompyuta moja inafanya kazi iliyokuwa ikihitaji mitambo ya kujaza chumba.

Lakini sikiliza tunavyorekodi. Sauti nyingi zinazosambazwa kwenye simu ni kama mtu anasema akiwa ndani ya birika la maji. Maneno yanagongana, feni inanguruma, kunguru analia juu ya paa. Kwa salamu za harusi hilo halidhuru. Kwa mzee mwenye utenzi kichwani, ambao hakuna pengine ulipoandikwa, ni hasara. Huenda hiyo ikawa ndiyo mara ya mwisho kuusoma.

Tena liko jambo la lugha yenyewe. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa wa mwituni si tamko moja. Yule mnyama ana pumzi inayotoka baada ya p, na paa la nyumba halina. Ni hivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Tunayo pia t ya ulimi kugusa meno na t ya ulimi kugusa ufizi. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hizi. Sikio ndilo linalozijua. Pumzi ile haidumu hata sehemu ya kumi ya sekunde. Ukirekodi kwenye chumba chenye mwangwi, silabi iliyotangulia huwa bado inavuma pale pumzi inapopita, nayo huifunika. Mjukuu akija kusikiliza miaka hamsini baadaye atasikia maneno mawili kuwa moja, na hatakuwapo wa kumsahihisha. Ndiyo maana nasema studio ya nyumbani kwa sisi watu wa pwani si mchezo wa vijana peke yao.

Na wako kina mama. Mabibi wanaojua nyimbo za vugo na lelemama hawatapanda tuktuk usiku kwenda studio ya mjini iliyojaa watu wasiowajua. Lakini nyumbani kwa jirani, alasiri, pamoja na wenzao, watakuja na wataimba.

Mambo mawili yasichanganywe

Makosa mengi ya pesa huanzia hapa. Kuzuia sauti ni jambo moja, na kutuliza mwangwi ni jambo jingine.

Kuzuia sauti ni kufanya kelele ya nje isiingie na yako isitoke. Kazi hiyo hufanywa na uzito pamoja na kuziba nyufa. Ukuta mzito huzuia. Kitu chepesi hakizuii, hata kikiwa kinene kiasi gani. Na tundu dogo huharibu kazi ya ukuta mkubwa: ikiwa sehemu moja tu kwa mia ya ukuta iko wazi, ukuta mzima hauwezi kupunguza kelele zaidi ya desibeli 20, hata ukiwa wa mawe ya futi mbili. Kwa hivyo ule upenyo chini ya mlango ndio adui wako wa kwanza.

Kutuliza mwangwi ni kufanya sauti iliyomo ndani isidunde-dunde ukutani. Kazi hiyo hufanywa na vitu laini, vinene, vyenye matundu madogo ambayo hewa inaweza kupita: pamba, sufi, nguo nzito, vitabu, magodoro. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Chumba kitupu chenye lipu na sakafu ya simiti ni debe hilo hilo, ila tu limejengwa.

Sasa tufike kwenye trei za mayai. Nimeziona zimebandikwa kuta nzima, kuanzia chini hadi darini. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi. Haina uzito wa kuzuia kelele ya bodaboda, wala unene wa kutuliza sauti nzito. Inapunguza kidogo ukali wa sauti nyembamba, basi, na ikishika moto inawaka kama makuti makavu. Ziacheni trei ziwabebe mayai.

Kila nyumba na tabia yake

Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, za hapa, za Lamu na kwingineko pwani, zina kuta za unene wa karibu nusu mita. Mwenye nyumba hiyo ameshalipiwa na mababu gharama kubwa kuliko zote, ile ya uzito. Kelele haipiti ukutani. Inapita mlangoni, dirishani na kwenye matundu ya hewa. Tena vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Kuta mbili ndefu zinazotazamana kwa karibu hufanya sauti irushwe huku na huku kama mpira wa tenisi. Piga kofi moja katikati ya chumba utaisikia inatetemeka. Kwa bahati, palipo na zidaka ukutani, vile vishimo huivunja-vunja sauti na kuitawanya. Usizizibe. Ziwekee vitabu na majuzuu ya nguo, zitakufanyia kazi maradufu.

Nyumba za matofali na mabati zina kuta za wastani, ila paa ndilo tatizo. Mvua ikinyesha, hakuna maikrofoni duniani itakayokusaidia. Dari ya plaiwudi yenye sufi au pamba juu yake hupunguza, lakini msimu wa masika panga kazi kulingana na mawingu. Mwenye fleti ghorofani achague chumba kisichopakana na ngazi wala bomba la maji la jirani.

Nyumba ya udongo na makuti huwashangaza watu. Makuti yana matundu matundu, hayarudishi sauti, na ukuta wa udongo usio laini hauna ule ukali wa lipu. Ndani yake sauti ya mtu hutoka tulivu na ya karibu. Kasoro yake ni kwamba kila kelele ya nje inaingia. Ikiwa shamba lenu liko mbali na barabara, huenda tayari mnayo studio nzuri kuliko ya mjini.

Kabla hujaamua ni chumba gani, fanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Weka simu katikati ya chumba, funga mlango, rekodi dakika tano za kimya. Fanya hivyo asubuhi, adhuhuri, alasiri na usiku kwa siku tatu, kisha sikiliza kwa vifaa vya masikioni. Utagundua vitu ambavyo sikio lilikwisha vizoea: friji, pampu ya maji, jenereta ya duka la kona. Kwetu, kimya kizuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, watoto wakiwa shuleni na kunguru wakiwa wameshatawanyika. Adhana si kelele ya kupigana nayo. Ina saa zake zinazojulikana, nasi tunaipangia. Ikiadhiniwa tunanyamaza, tunaswali, tunarudi.

Hesabu ya kutuliza mwangwi

Chukua chumba cha kawaida, mita tatu kwa nne, na urefu wa mita tatu kwenda juu. Ukijumlisha kuta zote, sakafu na dari unapata mita 66 za mraba. Kikiwa kitupu, chenye lipu na simiti, neno moja likisemwa linaweza kuvuma zaidi ya sekunde moja kabla ya kuisha. Kwa kurekodi maneno tunataka livume theluthi ya sekunde tu. Ili kufika hapo unahitaji kama mita 20 za mraba za vitu laini na vinene. Kwa ufupi, karibu theluthi moja ya kila kinachoonekana chumbani kifunikwe. Usifunike kila mahali, maana chumba kilichokufa kabisa huwachosha waimbaji na huifanya sauti ya udi iwe kavu.

Mimi nilitengeneza fremu za mbao, kila moja mita moja upana na mita mbili urefu, kina cha sentimita kumi. Ndani nikashindilia sufi, si kwa kubana sana, nyuma nikatandaza wavu, mbele nikavisha leso. Ndiyo, leso. Kitambaa cha pamba chepesi hupitisha hewa, na sauti hupita pamoja nayo. Leso ya kisutu ukutani hupendeza kuliko sponji nyeusi ya dukani. Fremu saba zilitosha kuta, sakafu ikapata zulia zito juu ya mkeka, na juu ya kichwa cha msomaji tukaning'iniza fremu mbili zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, husema watu. Wangu mwenyewe pia ulikuwa wa sufi, ila fundi seremala ndiye aliyenionea huruma.

Asiyepata sufi atumie pamba ya mawe inayouzwa kwa ajili ya kuzuia joto, ambayo ni bora kwa sababu haiwaki, lakini aifunike vizuri na avae glavu na barakoa anapoikata, kwa kuwa nyuzi zake huwasha. Usumba wa makumbi ya nazi, ukifumwa mnene, nao unafanya kazi.

Mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza ni unene. Sauti nyembamba hutulizwa na kitu chembamba, sauti nzito hutaka kitu kinene. Pazia jepesi litaua ukali wa s na sh, liuache uvumo wa sauti za wanaume, na chumba kitasikika kama kimefunikwa blanketi. Pili ni pembe. Sauti nzito hukusanyika pembeni mwa chumba, kwa hivyo fremu nene zaidi ziende huko, au simamisha godoro la sufi lililokunjwa kila pembe. Katika chumba cha upana wa mita tatu, uvumo wa kwanza huwa karibu na mitetemo 58 kwa sekunde, na wa pili karibu 116, ambao uko ndani kabisa ya sauti ya mwanamume. Ndiyo sababu ya neno moja kuvimba ghafla na jingine kupotea. Msomaji asikae katikati kamili ya chumba. Asogee mbele au nyuma kidogo.

Tatu ni nafasi ya hewa. Fremu isibandikwe ukutani. Iache sentimita tano nyuma yake. Faida ni mbili kwa mpigo mmoja. Fremu iliyoachiwa nafasi hutuliza sauti nzito zaidi kuliko iliyobanwa, na ukuta wa chokaa unapata kupumua. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa nailoni, rangi ya mafuta au lipu ya simiti, unyevu hukwama ndani, chokaa hubambuka na ukungu huota nyuma ya sufi yako nzuri. Fremu zangu zinasimama kwa miguu yake zenyewe. Hakuna msumari hata mmoja ulioingia ukutani.

Hilo la msumari lina upande wa sheria. Lamu imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la uhifadhi. Kuvunja ukuta, kuziba dirisha la kale au kung'oa mlango wa nakshi si jambo la kuamua na fundi asubuhi na kulimaliza jioni; wahusika wa uhifadhi walio chini ya Makavazi ya Taifa waulizwe kwanza. Studio inayosimama kwa fremu na mazulia haigusi jengo, na siku ukihama unaibeba.

Mlango, dirisha na joto

Mlango mwembamba wa plaiwudi ubadilishwe au uongezwe uzito kwa ubao mwingine juu yake. Zungusha mpira laini kwenye fremu yote ili ukifungwa ubane, na chini weka kizingiti au ulimi wa mpira unaogusa sakafu. Mlango mzito bila mpira ni hasara. Mpira bila mlango mzito ni nusu ya faida. Dirisha lifanyiwe kibao cha kuingiza na kutoa, kizito, chenye mpira ukingoni. Mkimaliza kurekodi, mnakitoa na upepo unaingia.

Kwa sababu mtakapoziba, mtapikika. Mombasa si Limuru. Feni inaingia kwenye rekodi, na kiyoyozi cha ukutani vile vile. Njia yetu ni kurekodi dakika ishirini, kufungua dakika kumi, na feni kuwaka wakati huo. Mwenye uwezo anaweza kutengeneza njia ya hewa ya sanduku la mbao lenye kona mbili tatu, lililowekwa sufi ndani; hewa hupinda na kupita, sauti hugonga kona ikafifia. Wazee wapewe maji na kiti chenye mgongo kisicholia. Kiti kinacholia kimeniharibia beti nyingi kuliko tuktuk.

Na tahadhari ya moto. Sponji ya magodoro ikiwaka hutoa moshi wenye sumu kwa muda mfupi sana, na sufi nayo hushika moto upesi. Kwa hivyo chetezo cha udi kibaki sebuleni, sigara nje, taa ziwe za LED zisizopata moto, na mlango ufunguke kwa ndani bila ufunguo. Weka kizima-moto karibu na mlango.

Sasa ndiyo tuje kwenye vyombo

Chumba kikiwa tayari, vyombo vichache vinatosha: maikrofoni moja, stendi, kile kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta ambacho mafundi hukiita intafesi, vifaa vya masikioni vinavyofunika sikio lote, na laptopu.

Maikrofoni ziko za aina mbili kuu. Za kondensa husikia kila kitu na huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi. Za dainamiki, kama Shure SM58 iliyoko sokoni tangu 1966, husikia kilicho karibu na hupuuza vya mbali, na hustahimili unyevu na chumvi ya bahari. Kwa chumba kisicho kimya kabisa, anza na dainamiki. Kondensa itafuata siku chumba kitakapostahili. Na unaponunua, jaribu kabla ya kulipa, maana bandia ni nyingi.

Weka maikrofoni shubiri moja kutoka kinywani, au chini yake ikiwa ni dainamiki. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya msomaji huingia kwa nguvu mara mbili huku mwangwi ukibaki pale pale. Isimame pembeni kidogo ya kinywa badala ya kuelekea moja kwa moja, ili pumzi ya p ipite kando yake isiipige. Hapo paa wa mwituni atabaki na pumzi yake, bila ule mlipuko unaokera.

Umeme wetu una mambo yake. Soketi iwe na erthi ya kweli, iliyokaguliwa na fundi mwenye leseni. Bila hiyo utapata mvumo wa mitetemo 50 kwa sekunde kwenye kila rekodi. Waya wa maikrofoni usilale sambamba na waya wa umeme. Vikikutana, vikatane kama msalaba. Kinga ya kupanda kwa umeme ni lazima, na laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani, kwa sababu umeme ukipotea katikati ya beti la mia tatu, kazi haipotei nao. Mkimaliza, maikrofoni irudi kwenye kisanduku kinachofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kwa kuanzia. Rekodi kwa 48,000 kwa sekunde na biti 24, kwa faili la WAV, na ukiangalia kipimo hakikisha vilele havipiti hasi 10 hivi. Sauti iliyopita sifuri ikakatika hairudi. Saa moja ya stirio kwa kiwango hicho huchukua karibu gigabaiti moja, na kwa mtu mmoja anayesoma, mono inatosha, yaani nusu yake. Weka nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja isikae nyumba hiyo. Anza kila faili kwa kutaja jina la msomaji, mahali, tarehe na jina la kazi. Faili lisilo na jina, baada ya miaka kumi, ni sauti ya yatima.

Jirani na mwenye sauti

Mitaa yetu imeshikana ukuta kwa ukuta. Kabla sijaanza, nilipita kwa majirani mmoja mmoja nikawaeleza saa za kazi. Kanuni za NEMA za mwaka wa 2009 kuhusu kelele huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha usiku makazini ni kidogo sana. Spika kubwa basi hazina nafasi. Sikiliza kwa vifaa vya masikioni. Jirani aliyeheshimiwa ndiye atakayezima redio yake ukimwomba nusu saa.

Kubwa zaidi ni haki ya yule aliyekaa mbele ya maikrofoni. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, shairi ni mali ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kuwa na kifaa cha kurekodi hakukupi umiliki wa maneno. Andikianeni ukurasa mmoja: nani mtunzi, nani msomaji, rekodi itatumika wapi, ikipata pesa zinagawanywaje. Kazi inaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Na yako mambo ambayo karatasi haiyafikii. Nyimbo nyingine za kina mama ni za kina mama peke yao, na beti nyingine mzee atazisoma kwa sharti zisitoke hadharani akiwa hai. Sharti hilo liandikwe juu ya faili na lishikwe. Wazee wakisikia kwamba chumba fulani hakitunzi siri, hawatakikanyaga tena, na hapo sufi yote itakuwa imeshindiliwa bure.

Kwa mwenye pesa kidogo, mpangilio wangu ni huu: mwezi wa kwanza sikiliza chumba na uzibe mlango, wa pili tengeneza fremu na utandike zulia, wa tatu nunua maikrofoni moja na intafesi. Katika miezi hiyo mitatu, simu yako ikiwa ndani ya chumba kilichotulizwa itarekodi vizuri kuliko maikrofoni ya bei kubwa ndani ya debe tupu. Kwa hiyo usimngojeshe bibi hadi studio ikamilike. Zima feni, funga mlango, mkalishe kwenye pembe yenye magodoro, weka simu shubiri moja kutoka kinywani mwake, na umwombe aanze.